Betri za Vihisi Zinakufa Mapema: Tafuta Uvujaji Kabla ya Kununua Betri Kubwa

Nodi ya kihisi, yaani kifaa kidogo cha betri kinachopima unyevu wa udongo au kina cha maji, kisha kikatuma kila robo saa kwa LoRa (redio ya kufika mbali kwa umeme kidogo), inaweza kuishi miaka kwa seli moja ya lithiamu. Ikifa baada ya wiki mbili, tatizo si udogo wa betri. Kuna mahali umeme unapita bila kufanya kazi, na kazi ya fundi ni kupaona. Naandika kwa wanaofunga vifaa hivi huku kwetu Tanga: kwenye michungwa ya Muheza, kwenye mashamba ya mkonge, kando ya mto Sigi, na kwenye mikoko na fukwe za upande wa Tongoni na Kigombe. Huku kuna chumvi hewani, joto, bamvua (maji makubwa ya bahari) na umeme wa kukatika, na miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wasioyajua mambo hayo manne.

Hesabu ya kuanzia

Chukua seli ya 18650, ile ya lithiamu ya kuchajiwa, yenye miliampea-saa 2600 za kweli. Nodi inaamka kila dakika 15, inakaa macho sekunde 3 ikitumia miliampea 15, halafu redio inatuma kwa milisekunde 60 ikitumia miliampea 40. Hiyo ni mara 96 kwa siku, na kazi yote hiyo inakula miliampea-saa 1.3 hivi. Ikilala kwa maikroampea 20 (maikroampea 1000 ni miliampea 1), usingizi unakula karibu 0.5. Jumla ya siku haifiki 2. Ukiacha kupungua kwa betri yenyewe kwa umri, seli hiyo ingeivusha nodi miaka minne.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: usingizi uwe wa miliampea 5. Siku moja inakula zaidi ya miliampea-saa 120, na seli inaisha ndani ya wiki tatu. Kupima hakujabadilika, kutuma hakujabadilika. Ndiyo maana mtu anaweza kupunguza utumaji kutoka robo saa hadi saa nzima na betri ikafa siku ileile. Nodi hulala zaidi ya asilimia 99 ya maisha yake, kwa hiyo uchunguzi unaanzia usingizini.

Uliza kabla ya kufungua boksi

Namna betri ilivyokufa inaeleza mengi kuliko boksi lenyewe. Zimekufa zote au moja? Ya karibu na kituo kikuu, kile kinachopokea ujumbe wa nodi na kuupeleka kwenye seva, au ya mbali kabisa? Kidogokidogo au kwa mpigo? Anayekaa na kifaa kila siku ndiye shahidi wako wa kwanza.

"Shikamoo mzee. Zile namba ziliacha lini kuja kwenye simu?"

"Marahaba. Tangu ule usiku wa mvua kubwa, fundi. Umeme ulikatika mpaka asubuhi."

Mzee hakutaja tarehe, lakini ameshakupa nusu ya jibu, na utaliona hapo chini.

Dalili: nodi zote zinakufa ndani ya siku au wiki chache, popote zilipo

Hapa karibu kila mara ni mkondo wa usingizini. Upime kwanza mezani.

Multimita ya kawaida iliyowekwa kwenye maikroampea itakusumbua, kwa sababu ndani yake kuna resista. Nodi ikiamka na kuvuta miliampea 100, volti zinaanguka kwenye resista hiyo, nodi inajizima na kuanza upya, nawe unabaki unapima nodi isiyolala kamwe. Njia rahisi: weka resista ya omu 100 kwenye waya wa chanya kutoka kwenye betri, na kipande cha waya cha kuiruka. Acha waya umeunganishwa nodi ikiwaka. Ikishalala, toa waya na upime milivolti kwenye ncha mbili za resista. Kila milivolti 1 ni maikroampea 10. Rudisha waya kabla haijaamka tena.

Namba unayoisoma ni ya kuichunguza kwa makini, maana visababishi vingi vina alama yake.

Ukikuta miliampea 5 hadi 10, tazama bodi yenyewe. Bodi za kujifunzia, zile zenye tundu la USB, zimetengenezwa kwa ajili ya meza. Reguleta (kidhibiti cha volti) ya AMS1117 iliyojaa kwenye bodi hizo inakula karibu miliampea 5 hata kama hakuna kinachotumika. Taa nyekundu ya kuonyesha umeme upo inaongeza miliampea 1 au zaidi, na chipu ya USB nayo inadai chake. Kichakato cha ESP32 kikilala usingizi mzito kinahitaji maikroampea 10 hivi tu, lakini kikiwa juu ya bodi ya namna hiyo faida yote inapotea. Ng'oa taa. Weka reguleta inayokula maikroampea chache, au tumia kichakato kinachoweza kuishi moja kwa moja kwa volti za betri bila reguleta. Bodi za kujifunzia ni nzuri sana kwa darasa, shambani zisiende.

Ukikuta miliampea 1.5 hadi 1.8, shuku redio. SX1276, ambayo ni redio ya LoRa iliyoenea sana, ikiwa imesimama tu tayari kwa kazi inakula miliampea 1.6. Ikilazwa kweli inakula maikroampea 0.2. Programu inayolaza kichakato ikasahau kuilaza redio inaacha tofauti ya mara maelfu. Ukikuta miliampea 10 hadi 12, redio haijasimama tu, inasikiliza. Kwenye LoRaWAN, utaratibu wa mtandao unaotumia redio za LoRa, hilo ndilo daraja C, ambalo husikiliza muda wote na limekusudiwa vifaa vyenye umeme wa ukutani. Nodi ya betri iwe daraja A: inatuma, inafungua masikio kwa muda mfupi baada ya sekunde 1 na tena baada ya sekunde 2, kisha inalala.

Ukikuta miliampea 0.7, fuata nyaya za data. Resista ya omu 4,700 inayovuta waya juu kwenye volti 3.3 inapitisha kiasi hicho hasa pini ikiachwa chini wakati wa kulala. Pini zipangwe kabla ya usingizi, kila moja kwa jina lake.

Miliampea 0.2 hudharauliwa na wengi, nami naomba usiidharau. Mara nyingi ni resista mbili za omu 10,000 zilizowekwa kugawa volti za betri ili nodi ijue chaji imebaki kiasi gani. Kwa siku zinakula karibu miliampea-saa 5, zaidi ya mara mbili ya kazi yote ya nodi tuliyoihesabu juu. Kipimo cha betri kinaimaliza betri! Weka resista mbili za megaomu 1, na kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kwenye pini ya kusomea ili usomaji usiyumbe. Mkondo utashuka hadi maikroampea 2.

Halafu kuna kihisi kinachoachwa kimewashwa. Kihisi cha unyevu wa udongo hakina sababu ya kula miliampea kadhaa kwa robo saa nzima ili kusomwa sekunde moja. Kiwashwe kwa transista, kisomwe, kizimwe. Ukizima, kata upande wa chanya na ushushe pini ya data pia, kwa sababu ukikata hasi pekee kihisi kitaendelea kunyonya umeme kupitia waya wa data. Na kihisi kinachochelewesha usingizi ni gharama pia: kihisi cha joto cha DS18B20 kikisoma kwa biti 12 kinachukua milisekunde 750, kwa biti 9 milisekunde 94. Kwa joto la udongo wa shamba la machungwa, ile ya haraka inapima hatua za nusu nyuzi, na mara nyingi hiyo inatosha.

Dalili: mezani inapita vizuri, ufukweni betri inaisha

Huyu ndiye mharibifu wetu wa pwani, na anajificha. Unafika saa sita mchana, unafungua boksi, unapima maikroampea 20, kila kitu safi. Unafunga na kuondoka. Usiku mkondo unapanda, asubuhi jua linapochoma unashuka tena, na hakuna aliyeuona.

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika asilimia 75. Chumvi ya bahari ina magnesi kloridi ndani yake, na hiyo huanza mapema zaidi, kwenye asilimia 33. Usiku wa pwani hewa yetu inazidi kiwango cha kwanza mara nyingi. Vumbi la chumvi lililotua kwenye bodi, kavu na lisilo na madhara mchana, linageuka usiku kuwa njia nyembamba ya umeme kati ya pini na pini. Boksi lililofungwa halizuii hili kama kufunga kwenyewe kulifanyika kwenye hewa ya bahari. Tena boksi linapashwa na jua mchana na kupoa usiku, na kila linapopoa linavuta hewa yenye unyevu kupitia mpira uliochoka.

Usisubiri usiku ufukweni ili kuthibitisha. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko mzuri, weka ndani bakuli la chumvi iliyoloweshwa hadi iwe kama uji mzito, weka nodi pembeni bila kugusana, toa nyaya mbili za kupimia nje, funga. Uji wa chumvi hushikilia hewa ya ndani kwenye asilimia 75 hivi. Acha usiku mzima. Kama mkondo wa usingizini umepanda kutoka maikroampea 20 hadi mamia, umempata.

Dawa yake ni usafi. Osha bodi kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini, ikauke kabisa, pima tena. Ikirudi kwenye namba yake, paka vanishi ya bodi pande zote mbili, ukiacha kiunganishi cha antena na tundu la kihisi cha hewa. Fanya kazi hii ndani ya nyumba, mbali na upepo wa bahari, hasa wakati wa kusi. Tundu la waya liwe chini ya boksi, na waya ushuke kwanza ndipo upande kuingia, ili maji yadondoke kabla ya kufika mlangoni. Silika jeli inasaidia kwa miezi, si kwa miaka. Mtu anayefunga vihisi karibu na mashamba ya mwani au mikoko akaruka hatua ya vanishi anajitafutia safari nyingi sana.

Dalili: nodi zote zinaporomoka kwa pamoja, baada ya umeme au bando kukatika

Turudi kwa mzee wa mvua kubwa. Nodi zake zina betri, umeme wa nyumbani haukuzihusu. Kilichozimika ni kituo kikuu, na nodi ziliposhindwa kupata jibu zilianza kupiga kelele.

Angalia hesabu. Nodi iliyokosa mtandao, ikiwa imeandikwa ijaribu kujiunga upya kila sekunde 10 kwa kasi ya chini kabisa ya redio, haipati usingizi. Kichakato kiko macho kwa miliampea 15, redio inatuma kwa sekunde 1.5 kila jaribio, wastani unafika miliampea 20. Kituo kikizimika Ijumaa jioni kikawashwa Jumapili jioni, kila nodi imekula miliampea-saa 960. Kwa bajeti tuliyoanza nayo, hicho ni chakula cha mwaka mmoja na nusu kilicholiwa kwa wikendi moja.

Bando likiisha hali ni ya hila zaidi. Kituo kinawaka, taa zake zinapepesa, redio inapokea, lakini ujumbe haufiki kwenye seva na seva hairudishi jibu. Nodi inayodai uthibitisho kwa kila ujumbe itarudia na kurudia. Kwa hiyo ukiambiwa "kituo kilikuwa kinawaka muda wote", bado uliza kuhusu salio.

Tiba ya kwanza iko kwenye programu. Usidai uthibitisho kwa kila kipimo. Kipimo cha unyevu kikipotea kimoja, kinachofuata kinakuja baada ya robo saa. Omba uthibitisho mara moja kwa siku ili nodi ijue mtandao upo. Ikikosa jibu, isubiri dakika 1, halafu 2, halafu 4, 8, iendelee kuongeza mara mbili hadi kufika saa kadhaa, na kila nodi iongeze sekunde chache za kubahatisha ili umeme ukirudi zisipige kelele zote kwa wakati mmoja na kugongana hewani. Wakati huo vipimo vihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya nodi vitumwe baadaye.

Tiba ya pili ni kwenye kituo. Kituo kinachokula wati 5 kinawashwa siku nzima na usiku wake na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20, ukitumia nusu yake tu. Gharama ya betri hiyo ni ndogo ukilinganisha na kubadilisha seli za shamba zima.

Dalili: nodi za mbali zinakufa kwanza

LoRa ina hatua za mwendo kuanzia SF7 hadi SF12. Kila hatua ya juu inafika mbali zaidi na inakaa hewani karibu mara mbili ya iliyotangulia. Ujumbe wa baiti 10 kwenye LoRaWAN unachukua milisekunde 60 hivi kwa SF7, na karibu sekunde moja na nusu kwa SF12. Hiyo ni mara 24. Nguvu ya kutuma nayo ina bei: SX1276 kwa desibeli 13 inavuta miliampea 29, kwa desibeli 20 inavuta 120. Nodi iliyoko ukingoni inatuma kwa SF12 na nguvu zote, tena inarudia. Haiwezi kuishi sawa na mwenzake.

Wengi hukimbilia kuongeza nguvu. Pandisha antena kwanza. Mawimbi hayasafiri kwenye mstari mwembamba, yanahitaji nafasi iliyo wazi kuzunguka mstari huo. Kwa redio ya megahezi 868 na umbali wa kilomita 2, nafasi hiyo katikati ya safari ina nusu-kipenyo cha mita 13, na angalau mita 8 ziwe huru. Antena iliyofungwa usawa wa kiuno katikati ya michungwa, majani yakiwa yamelowa mvua za masika, haina nafasi hiyo. Kwenye mkonge, ambao ni mfupi, mlingoti wa wastani unatosha. Kwenye machungwa tafuta nguzo inayovuka vilele vya miti. Pandisha boksi zima, usiache boksi chini na kuvuta waya mrefu wa antena: waya mwembamba wa RG174 unapoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita, na kilichopatikana kwa urefu kinaliwa na waya. Hakikisha pia antena ni ya masafa unayotumia, na masafa yenyewe yanaruhusiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kwenye mikoko kuna jambo la ziada. Kati ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua, bahari yetu inapanda zaidi ya mita 3. Maji ya chumvi yanameza mawimbi ya redio ndani ya sentimita chache, na hata yasipofika kwenye antena, uso wake ukikaribia unavuruga mawimbi. Nodi inayosikika vizuri asubuhi inapotea mchana. Chora idadi ya ujumbe uliopotea kwa siku, kwa mwezi mmoja. Kama upotevu unapanda kila baada ya wiki mbili, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kutulia wakati wa maji mafu (bahari isipopanda wala kushuka sana), usifungue boksi kutafuta ubovu. Pima urefu wa antena kutoka kwenye alama ya bamvua kubwa kwenye shina la mkoko, si kutoka kwenye tope.

LoRaWAN ina utaratibu wa kurekebisha SF na nguvu wenyewe. Ni mzuri kwa nodi iliyotulia kwenye mazingira yaliyotulia. Kwenye mikoko utaratibu huo unaweza kupotoshwa: maji yakipwa unaona njia safi na kushusha SF, maji yakijaa nodi haisikiki, inarudia, inapanda tena. Huko ni bora kushikilia SF moja uliyoipima maji yakiwa yamejaa. Na kama nodi yenyewe inapima kina cha maji, inajua tayari bahari iko wapi! Iandikie ihifadhi vipimo maji yakizidi kiwango fulani na ivitume yakipwa, isipokuwa kama vinatumika kutoa tahadhari ya papo hapo.

Kupunguza kinachotumwa kunasaidia zaidi kwenye nodi hizi za mbali. Kina cha bahari kila dakika 10 kinaeleweka. Unyevu wa udongo kila dakika 10 hauna maana, udongo haubadiliki hivyo. Usitume maneno. "unyevu=34.5" ni baiti 11, na namba ileile inakaa kwenye baiti 2. Kila ujumbe wa LoRaWAN unabeba baiti 13 za utaratibu hata kama una kipimo kimoja, kwa hiyo vipimo sita kwenye ujumbe mmoja vinatumia chini ya theluthi ya muda wa hewani wa jumbe sita tofauti.

Dalili: nodi za karibu na kituo zinakufa kwanza

Hii inatokea kwenye mitandao ya kupokezana, ambapo nodi ya mbali inampa jirani ujumbe, jirani naye anampa mwingine. Zilizo karibu na kituo zinabeba mzigo wa wote. Zikifa, mtandao mzima unanyamaza ingawa nodi za mbali zina chaji tele.

Gharama kubwa hapa ni kusikiliza, si kutuma. Kwenye redio ya CC2420, iliyotumika sana kwenye utafiti wa mitandao hii, kupokea kunakula miliampea 18.8 na kutuma kwa nguvu kamili 17.4. Nodi inayosubiri ujumbe wa jirani bila kujua utakuja lini inaungua kama inayotuma. Watafiti walihangaika na jambo hili kwa taratibu za mtandao kama LEACH ya mwaka 2000, iliyozungusha kazi ya kuongoza kundi la nodi ili isimwelemee mmoja, na S-MAC ya mwaka 2002, iliyopanga nodi zilale na kuamka pamoja. Ukitumia ratiba ya kuamka pamoja, kumbuka saa za nodi hazilingani: fuwele ya sehemu 20 kwa milioni inaweza kupotea sekunde 1.7 kwa siku, na nodi mbili zikipotea pande tofauti ni sekunde 3.5. Zisipolinganishwa mara kwa mara, kila moja italazimika kuamka mapema na kungoja.

Kwa mashamba mengi ya huku, ushauri wangu ni kuacha kupokezana kabisa. LoRa inayofika kituoni moja kwa moja, au vituo viwili badala ya kimoja, inaondoa tatizo hili lote. Pasipowezekana, nodi za karibu zipewe betri kubwa na sola.

Dalili: nodi ya sola inaishi kiangazi, inakufa masika

Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo paneli haihitaji kuinamishwa sana. Iinamishe nyuzi 10 hadi 15 ielekee kaskazini, ili mvua ioshe vumbi, chumvi na kinyesi cha ndege. Paneli iliyolala kabisa inatengeneza tope pembeni, na kivuli kwenye seli chache kinashusha paneli nzima. Tazama pia kama tawi la mchungwa limekua tangu siku ya kufunga.

Joto ni adui wa pili. Seli nyingi za lithiamu-ioni hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45, na boksi jeusi juani linapita hapo kwa urahisi. Tumia boksi jeupe, liweke chini ya kivuli cha paneli yenyewe.

Dalili: betri mpya inasoma volti 3.6 lakini nodi inajizima ikitaka kutuma

Hii ni tabia ya seli za lithiamu-thionili kloridi, zile zisizochajiwa. Zikikaa muda mrefu, hasa kwenye stoo yenye joto, hujenga utando ndani unaozuia mkondo mkubwa wa ghafla. Volti zinaonekana kamili hadi redio ivute, ndipo zinaporomoka, nodi inaanza upya, inajiunga upya, inakula chaji bure. Weka superkapasita sambamba na seli ibebe mshtuko wa kutuma. Ujue pia kwamba seli hizi hukaa kwenye volti 3.6 karibu hadi mwisho, kwa hiyo volti hazikuambii kilichobaki. Nodi ihesabu yenyewe idadi ya jumbe na idadi ya kuanza upya, iitume kila siku. Idadi ya kuanza upya ikipanda, nenda kabla haijafa.

Dalili: umepima kila kitu, mkondo ni sahihi, betri bado inaisha

Pima betri. Seli bora za 18650 hazizidi sana miliampea-saa 3500, kwa hiyo iliyoandikwa 9800 ganda lake linadanganya, na ndani inaweza kuwa na mia chache tu. Ichaji hadi volti 4.2, iunganishe na resista ya omu 10 ya wati 5, anza kuhesabu saa. Itatoa miliampea 370 hivi. Seli ya 2600 ichukue karibu saa 7 kufika volti 3, na hapo uikate. Ikifika volti 3 ndani ya saa moja, ina miliampea-saa 370, na isirudi shambani.